Joto Haliandikwi Kwenye Cheti

Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha kwenye milima ya Upare Kusini, na huko Mamba Miamba, wilayani Same, udongo ukaporomoka na kufunika nyumba. Watu wasiopungua 20 walikufa. Idadi hiyo ilipatikana kwa njia ya zamani kuliko zote: watu walichimba, wakatoa miili, wakaihesabu na kutaja majina. Hakuna aliyehitaji kuuliza marehemu wamekufa kwa nini.

Sasa chukua Februari yoyote ya ukame mjini Same. Jua linawaka toka asubuhi, mabati yanalia, kuku wamejilaza chini ya magari. Uliza ni watu wangapi wamekufa kwa joto mwezi huo. Hospitali itakutajia waliokufa kwa kiharusi, moyo, figo na kisukari. Ofisi ya mtendaji itakuonyesha vibali vya mazishi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kituo hapo Same, nayo inaweza kukupa nyuzi za kila siku. Kati ya hao wote hakuna atakayelitaja joto kuwa muuaji. Lakini ukifungua tafiti za kimataifa utakuta idadi ya vifo vya joto na baridi kwa Afrika nzima, Same ikiwa ndani yake. Mimi ni mtu wa Same, na nilitaka kujua idadi hiyo ilitoka wapi.

Wapare tunataniwa na Wachaga kwamba hatuachi hata senti moja ipite bila hesabu. Utani huo nimeukumbuka mara nyingi nikifuatilia habari hii, kwa sababu hesabu ya vifo vya joto ni ya kipekee. Ni hesabu ya kutoa. Na huwezi kutoa kama hujui ulikuwa na ngapi mwanzoni.

Tuanze na mwili. Joto la hewa likipanda, moyo husukuma damu nyingi kuelekea kwenye ngozi ili ipoe, na jasho hutoka. Mwenye moyo dhaifu anachoka, mwenye figo mbovu anakaukiwa maji, mzee ambaye hasikii kiu vizuri hanywi hadi achelewe. Wachache sana hufa kwa kile ambacho daktari angekiita kiharusi cha joto, mwili ukipita nyuzi 40 na akili kuvurugika. Wengi zaidi hufa kwa ugonjwa waliokuwa nao tayari. Baridi nayo hufanya kazi kwa siri hiyohiyo: mishipa inabana, presha inapanda, mapafu yanashambuliwa, na kifo kinaweza kuja wiki mbili au tatu baada ya usiku wa baridi wenyewe. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, kuna alama ya kifo kwa joto la asili, X30, na ya baridi, X31. Ni nadra sana alama hizo kutumika. Joto huua kwa kuazima mikono ya maradhi mengine.

Waliogundua namna ya kumkamata muuaji wa aina hii walikuwa makarani kabla hawajawa madaktari. Uingereza ilianza kusajili vifo kwa mfumo wa serikali mwaka 1837. Katika ofisi ya Msajili Mkuu aliajiriwa daktari aitwaye William Farr, na chini ya mkono wake takwimu za vifo vya London zikawa zinachapishwa kila wiki, zikiambatana na vipimo vya hali ya hewa kutoka Greenwich. Ukiwa na orodha hiyo kwa miaka kadhaa, unajua wiki ya kawaida ya Januari huua watu wangapi. Wiki moja ikizidi sana kawaida yake, unauliza: kulikuwa na nini? Desemba 1952 moshi mzito ulilifunika jiji la London kwa siku chache. Hesabu ya kwanza ilisema watu wapatao 4,000 walikufa zaidi ya kawaida. Watafiti waliorudia hesabu mwaka 2001, wakitazama pia miezi iliyofuata, walifika karibu 12,000. Wafu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni urefu wa muda ambao mhesabuji alikubali kuutazama.

Tofauti hiyo ilizua ugomvi Chicago, Julai 1995. Daktari wa serikali aliyechunguza miili, Edmund Donoghue, aliandika mamia ya vifo kuwa vimesababishwa na joto. Meya Richard M. Daley aliitilia shaka hesabu hiyo hadharani. Hoja ya wenye shaka ilikuwa rahisi kueleweka: wazee hufa kila siku, kwa nini kila mzee aliyekufa wiki ya joto ahesabiwe kuwa wa joto? Jibu lilikuja kwa kutoa. Kati ya tarehe 14 na 20 Julai, Chicago ilipoteza watu 739 zaidi ya juma la kawaida la Julai. Hesabu ya kutoa ilionyesha kuwa Donoghue hakutia chumvi. Agosti 2003 Ufaransa nayo ilihesabu karibu vifo 15,000 vya ziada, na Ulaya nzima, kwa majira yale ya joto, zaidi ya 70,000. Serikali ya Ufaransa ilijua ndani ya wiki chache, kwa kuwa ilikuwa na kitabu cha kulinganishia.

Kutoka hapo wanatakwimu walipiga hatua nyingine. Hawakungoja tena wimbi la joto. Walichukua kila siku ya miaka mingi, wakaweka joto la siku upande mmoja na idadi ya waliokufa upande wa pili, wakachora mchoro. Mchoro unatoka kama bakuli. Chini kabisa ya bakuli ni joto ambalo watu wachache zaidi hufa. Ukienda kulia, kwenye joto, vifo vinapanda. Ukienda kushoto, kwenye baridi, vinapanda pia. Kila kifo kilicho juu ya kitako cha bakuli kinahesabiwa kuwa cha joto au cha baridi. Wanakagua pia kama siku zilizofuata zilikuwa na vifo pungufu, maana huenda joto liliwachukua tu watu ambao wangekufa wiki ile ile.

Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha kazi kubwa ya namna hii, ikiongozwa na Antonio Gasparrini wa London. Ilikusanya vifo zaidi ya milioni 74 kutoka miji na maeneo 384 katika nchi 13. Ilikuta kwamba asilimia 7.71 ya vifo hivyo vilihusiana na joto au baridi, na sehemu kubwa, asilimia 7.29, ilikuwa ya baridi. Siku za joto kali sana na baridi kali sana, zile tunazoziona kwenye habari, zilibeba asilimia 0.86 tu. Mauaji mengi yalifanywa na siku za wastani ambazo hakuna gazeti lingeziandika. Katika zile nchi 13, hapakuwa na hata moja ya Afrika.

Mwaka 2021 ikatoka nyingine, kubwa zaidi, ikikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 5 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya joto au baridi isiyofaa. Safari hii kulikuwa na maeneo 750 katika nchi 43, na Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini. Sehemu zisizokuwa na vitabu zilijaziwa kwa makadirio: dunia iligawanywa miraba ya nusu digrii, kila mraba ukapewa joto lake, na mfumo wa hesabu, kwa kutazama hali ya hewa na uchumi wa mahali, ukabashiri bakuli la mraba huo lingekuwa na umbo gani. Matokeo yalisema kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko kote duniani cha vifo vinavyohusiana na baridi.

Niliposoma sentensi hiyo mara ya kwanza nilikuwa Same, saa nane mchana, feni ikipuliza hewa ya moto. Nilicheka. Kisha nikarudi kusoma polepole, kwa sababu waandishi hawakuwa wanatania.

Jambo la kwanza ni maana ya neno. Ndani ya hesabu hizi, baridi ni siku yoyote iliyo chini ya kitako cha bakuli. Ile kazi ya 2015 ilikuta kwamba katika maeneo ya kitropiki kitako kiko karibu na asilimia 60 ya siku zote ukizipanga kutoka ya baridi hadi ya joto. Maana yake siku 60 kati ya 100 zinaingia kwenye fungu la baridi, zikiwemo siku ambazo wewe na mimi tungeziita nzuri. Jambo la pili ni kwamba baridi huua kweli huku kwetu. Watafiti waliofuatilia Korogocho na Viwandani, Nairobi, kati ya 2003 na 2008, walikuta kwamba siku za baridi zilifuatana na ongezeko la vifo, hasa vya watoto wadogo. Nyumba ya bati inayokuchemsha mchana ndiyo inayokugandisha alfajiri.

Jambo la tatu ni ule mraba. Nusu digrii hapa kwetu ni kama kilomita 55 kila upande. Mraba wa ukubwa huo unatosha kuubeba mji wa Same, ulio mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, pamoja na kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, na bado ukabakiwa na nafasi ya kuingiza nyika ya Mkomazi. Hewa hupoa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo kati ya stendi ya Same na msitu wa Shengena kuna tofauti ya nyuzi kama 10, na mraba unazifanya kuwa joto moja. Mtu wa Chome anayelala na mablanketi mawili mwezi wa Julai na mchimba jasi wa Makanya anayepigwa na jua mwezi wa Februari wanapewa kipimajoto kimoja, kisicho cha yeyote kati yao.

Siwalaumu waliochora miraba. Walifanya kazi kwa kilichopo. Swali langu ni la kihistoria: kwa nini hapa hapakuwa na kitabu?

Haikuwa kwamba serikali hazikupenda kutuhesabu. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi inataka orodha. Waingereza waliendeleza orodha hizo. Katika miaka ya 1940 Upareni ikaletwa kodi iliyoitwa mbiru, ambayo ilimtaka kila mtu atozwe kwa kadiri ya mali yake, na hivyo ilibidi wakadiriaji wachungulie mashamba na mifugo ya watu. Januari 1945, katikati ya msimu wa joto, maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi makao ya wilaya Same, wakapiga kambi kupinga. Wanawake wa Usangi nao waliingia kwenye mapambano mwaka uliofuata, na hatimaye mbiru ikafutwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameieleza habari hiyo kwa kirefu. Mimi naiona pia kama habari ya vitabu: dola ilitaka kujua ng'ombe wa baba wa Kipare ni wangapi, na ilikuwa tayari kugombana naye kwa ajili hiyo. Siku aliyokufa haikuitafuta kwa bidii ile. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa Tanganyika mwaka 1920, lakini Waafrika walio wengi walibaki nje ya daftari lake kwa miongo mingi.

Walikuwepo wengine walioandika. Misheni ya Leipzig ilifika Shigatini mwaka 1900 na Waadventista wakafika Upare Kusini mwaka 1903, nao walikuja na desturi ya vitabu vya kanisa: ubatizo, ndoa, mazishi. Lakini kitabu cha kanisa kinaandika watu wa kanisa. Na kabla ya hapo koo zilikuwa na njia yao. Mafuvu ya wazee yalihifadhiwa katika misitu mitakatifu, na wajukuu walijua ni nani aliye nani. Ilikuwa kumbukumbu yenye heshima kuliko daftari lolote. Hata hivyo ilihifadhi jina na nafasi ya mtu katika ukoo. Tarehe haikuwa na kazi huko, na hesabu ya kutoa haiendi bila tarehe.

Baada ya uhuru mambo yalisogea, ila polepole. Leo kazi ya usajili iko kwa RITA, na kifo chochote kinatakiwa kuandikishwa. Lakini unajua jinsi ilivyo. Watu hufuata cheti cha kifo pale panapokuwa na mirathi, mafao au akaunti ya benki. Pasipo na kitu cha kudai, kibali cha mazishi kinatosha, na karatasi inaishia kwenye droo. Sensa huuliza kaya kuhusu vifo vya miezi 12 iliyopita, jambo jema sana, ila mwaka si siku. Joto huua kwa siku.

Bibi yangu mzaa mama alifariki Same mjini mwezi wa Februari, akiwa na miaka 81. Maisha yake yote alikuwa ameishi Mbaga, mlimani, na miaka miwili ya mwisho alihamia kwa mjomba ili awe karibu na kliniki ya presha. Nyumba ya mjomba ni ya bati bila dari. Siku tatu mfululizo bibi aliomba atandikiwe mkeka sakafuni karibu na mlango, kwa kuwa kitanda, alivyosema, kilikuwa kinamchoma. Siku ya nne asubuhi hakuamka. Kadi yake ya kliniki ilisema presha, na kila mtu aliyekuja msibani alisema presha. Mama mdogo aliongeza, "Na umri pia, jamani." Tulimpandisha Mbaga kumzika, kama tunavyowapandisha wote. Kulikuwa na manyunyu, na wazee waliosimama kaburini walikuwa wamevaa makoti.

Sidai kwamba bibi aliuawa na joto. Hakuna mtu anayeweza kudai hivyo, hata angekuwa na mashine gani, na hapo ndipo ugumu wa somo hili ulipo. Hesabu ya kutoa ikifanywa vizuri inaweza kukuambia wangapi. Haiwezi kukuambia nani. Hata Chicago, ukiwapanga mstari wote waliokufa juma lile, huwezi kuwachagua wale 739. Familia nayo inajua nani, inakumbuka mkeka na mlango, lakini mtu mmoja hatengenezi wastani. Na angalia kaburi liko wapi. Mtafiti atakayehesabu makaburi ya Mbaga atamkuta bibi kwenye mlima wa baridi, wakati alifia kwenye tambarare ya joto.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na imeshafanywa jirani kabisa. Kuanzia 1992 hadi 2004 Wizara ya Afya ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle kuendesha mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima katika sehemu tatu: Dar es Salaam, Morogoro Vijijini na Hai, wilaya iliyo ndani ya mkoa wetu huuhuu. Waandishi walizunguka kaya kwa kaya. Palipotokea msiba walirudi baada ya muda kuzungumza na wafiwa: alianza kuumwa lini, alikohoa, alivimba miguu, alipooza upande mmoja? Madaktari walisoma majibu na kukadiria sababu. Ni kazi ya subira na ya adabu. Rufiji kulikuwa na ufuatiliaji wa aina hiyo, na mwaka 2012 watafiti wa Kitanzania wakiongozwa na Sigilbert Mrema walichapisha uchambuzi uliolinganisha vifo vya huko kutoka 1999 hadi 2010 na joto na mvua. Mchoro wa bakuli, kwa mara moja, ulichorwa kwa vifo vya kijiji cha Tanzania. Ulihitaji watu wanaobisha hodi kwa miaka 12.

Pasipo na kazi hiyo, kimya kinasomeka kama usalama. Luke Harrington na Friederike Otto walionyesha mwaka 2020 kwamba kanzidata kubwa ya majanga duniani ilikuwa na mawimbi mawili tu ya joto kwa Afrika yote ya kusini mwa Sahara tangu 1900, na vifo 71. Vifo 71 kwa zaidi ya karne nzima! Kisha, Aprili 2024, hospitali ya Gabriel Touré jijini Bamako ikatoa daftari lake: vifo 102 katika siku nne za kwanza za mwezi, wakati Aprili yote ya mwaka uliotangulia ilikuwa na 130. Hospitali moja, siku nne, imeipita karne. Joto halikuanza kuua Afrika mwaka 2024. Mtu mmoja alikuwa na daftari la mwaka uliopita na akalifungua.

Na idadi hizi zina kazi. Ndizo zinazotumika kuamua kama shule zifungwe, kama zilivyofungwa Sudan Kusini Machi 2024. Ndizo zinazobebwa kwenye vikao vya fedha za hasara na uharibifu, mfuko uliokubaliwa Misri mwaka 2022. Zingeweza kutumika kwa mambo madogo zaidi: kumwambia fundi kwamba dari si anasa kwa nyumba yenye mzee, kumwambia nesi wa kliniki ya presha awaulize wagonjwa wake wa Februari wanalala wapi, na wa Julai pia. Same ina watu wapatao 300,000. Kwa wilaya ya ukubwa huo, miaka kumi ya daftari zuri ingetosha kuanza kuuona mchoro wetu wenyewe, mmoja wa mlimani na mwingine wa tambarare, bila kuazima bakuli la watu wa mbali.

Daftari hilo halihitaji neno joto mahali popote. Linahitaji jina, umri, tarehe, na mahali mtu alipofia, tofauti na mahali alipozikwa. Mtendaji wa kijiji anaweza kuliandika kwa kalamu ya bluu. Nyuzi za kila siku ziko kwenye kituo cha hali ya hewa, zimekuwa zikiandikwa huko siku zote. Zinangoja safu ya pili.